Zaka ya Hesabu

Watu wengi huogopa hesabu kwa sababu hawaiwezi. Mimi niliiogopa kwa sababu nilikuwa naiweza. Nimewaambia hivyo watu kadhaa na sijapata hata mmoja aliyeniamini. Mara ya mwisho ilikuwa chuo kikuu, kwenye semina iliyohusu wanafunzi wa sekondari na hofu ya hesabu. Nilinyoosha mkono, nikaeleza. Mhadhiri alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu kwa upole wa mtu aliyepata jibu kabla ya swali, akasema, "Hiyo nayo ni aina ya kutojiamini." Wenzangu wakaandika. Nikakaa chini. Siku hizi kila jambo ni kutojiamini. Mtoto akianguka kutoka juu ya paa, nadhani tutaambiwa hakujiamini.

Basi niandike mwenyewe.

Nilikuwa kidato cha pili, katika skuli moja ya Mjini, jengo la zamani lenye madirisha marefu na dari iliyo juu mno, hata sauti ya mwalimu ilipanda huko ikapotea. Tulikaa watatu kwenye deski la wawili. Nilitaka kuwa mhandisi wa majumba. Sikulipata wazo hilo kitabuni. Nyumba yetu, kama nyingi za Mji Mkongwe, ilikuwa imeegemezwa magogo upande wa uchochoro isije ikatuangukia, na siku moja alikuja mhandisi kuitazama. Alibandika vipande vya kioo juu ya ufa wa ukuta, akamwambia mama, "Kioo kikivunjika, mjue ukuta unatembea." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama na nilihisi kwamba nimeona mtu wa kwanza mwenye akili katika maisha yangu. Watu wote wengine niliowajua walikuwa wakiuombea dua ule ukuta. Yeye aliuuliza swali.

Ili nifike huko ilinipasa niingie mchepuo wa sayansi nikifika kidato cha tatu, na ili niingie sayansi ilinipasa nifaulu hesabu katika mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Mlango ulikuwa huo mmoja. Kuanzia msingi nilikuwa wa mbele katika hesabu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi, na mimi nilikuwa wa mwisho kuwa nao.

Maalim wetu wa hesabu alikuwa kijana, mwembamba, shati lake limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, na akipita karibu yako ulisikia harufu ya udi. Hakuwa mkali. Walimu wengine walikuja darasani na bakora; yeye alikuja na chaki na rula ya mbao. Katika mkutano wa wazazi alisema, "Mimi sipigi watoto wa watu," na wazazi wakampenda kwa neno hilo, na neno hilo lilikuwa kweli. Yeye hakumpiga mtu. Tulipigana sisi.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Aliandika swali ubaoni, akawapa watu muda walifanye kwenye madaftari, kisha akamwita mmoja alifanye mbele. Ukipata, alikukabidhi rula. Uliwaendea wote walioshindwa swali hilo, kila mmoja akakunyooshea kiganja, ukampiga. Wa kike kwa wa kike, wa kiume kwa wa kiume, maana alikuwa mcha Mungu na hakutaka mambo ya ovyo darasani mwake. Aliuita utaratibu huo zaka ya hesabu.

"Kila mali ina zaka," alitwambia siku ya kwanza, baada ya bismillahi. "Mwenye ng'ombe anatoa, mwenye dhahabu anatoa. Na mwenye elimu je? Naye atoe. Anayejua ampe asiyejua."

Mimi, ambaye mdomo wangu haujapata kufuli, nikanyoosha mkono. "Maalim, maskini akipewa zaka anaondoka na kitu. Huyu ataondoka na nini?"

Darasa likacheka. Yeye pia alicheka, na kwa haki alikuwa na kicheko kizuri. "Ataondoka na kumbukumbu," akasema. "Na weye bibi maswali, hebu njoo huku mbele."

Lilikuwa swali jepesi: 3x − 7 = 2x + 5. Nikaivusha saba, nikabadilisha alama, x ikawa kumi na mbili. Maalim akasema mashaallah, akanipa rula.

Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba jibu sahihi lina mkono. Mpaka siku ile, kwangu, hesabu ilikuwa sehemu pekee duniani ambapo jambo likiwa kweli linakuwa kweli basi, halimdhuru mtu, halimpendelei mtu, halitaki umri wala ukoo. Kumi na mbili ni kumi na mbili kwa tajiri na kwa maskini. Sasa kumi na mbili yangu ilikuwa inapita kwenye madeski, na wasichana wananinyooshea viganja.

Wa kwanza kuninyooshea alikuwa jirani yangu wa deski. Alitokea Makunduchi, ameletwa kwa shangazi yake Mlandege ili asome skuli ya Mjini, na darasa halikumsamehe kosa hilo. Walimcheka kwa lafudhi yake. Kule kwao, mwaka ukigeuka, wanaume huwa na desturi ya kupigana kwa migomba, na kila aliponyoosha kiganja hakukosekana mvulana wa kusema kutoka nyuma, "Nyie si mmezoea migomba? Rula itakuuma nini?" Naye alikuwa akigeuka na kumjibu, "Weye hata jani la mgomba litakuvunja, tulia hapo." Alikuwa shujaa kuliko mimi. Kwa Kiswahili na historia hakuwa na mpinzani. Hesabu tu ndiyo iliingia kichwani mwake na kutoka, kama mgeni asiyevua viatu.

Wakati wa mapumziko nilimfundisha. Tulikaa kwenye ngazi za nyuma, tukila embe mbichi kwa chumvi na pilipili, nikamchorea. Alielewa pale pale. Akirudi darasani, maalim akiandika swali, niliona shingo yake inakakamaa na kalamu inasimama. "Nnaijua," alininong'oneza siku moja, "lakini nikiiangalia nnauona mkono wangu." Nilidhani nimemwelewa. Sikuwa nimemwelewa bado.

Tatizo la zaka ni kwamba ilikuwa na masharti. Ukipiga taratibu, maalim alisema, "Zaka nusu haikubaliwi," akamwita moneta wetu, kiranja wa darasa, airudie, kwa aliyepigwa na kwa aliyepiga. Moneta alikuwa msichana mkubwa, mzuri wa hesabu, na alipiga kama anayefukuza kitu ndani ya nyumba. Kwa hiyo jirani yangu aliniambia mapema, bila hasira:

"Ukija kwangu, piga."

"Siwezi kukupiga."

"Piga bwana. Jana umenipapasa, nikaenda kupigwa na yule jitu. Weye unajifanya una huruma, mie ndo ninayelipa."

Basi nikapiga, na ikawa hivyo muhula mzima. Nilijifunza kipimo cha katikati, sauti kubwa na uzito mdogo, rula ikiangukia kwenye unene wa kiganja chini ya kidole gumba. Hiyo ndiyo hesabu niliyoitumia zaidi mwaka ule.

Tulipofungua skuli baada ya likizo, alirudi na mikono tofauti. Likizo nzima alikuwa akimsaidia mama yake kwenye mwani, kufunga na kufungua kamba ndani ya maji ya chumvi, na viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwenye mikunjo. Alivificha ndani ya mtandio. Sikuviona mpaka maalim alipoandika swali, akaniita, nikapata, akanipa rula, na jirani yangu akanyoosha mkono kama kawaida yake, akitazama ukuta.

Nikasimama pale. Nikamtazama maalim.

"Siwezi, maalim."

"Huwezi nini? Hesabu au zaka?"

"Zaka."

Yeye hakukasirika. Angekasirika ningekuwa na cha kushika. Alifikiri kidogo, kwa dhati, kama mtu anayetafuta haki iko upande gani, akasema, "Mwenye mali akikataa zaka, mali yake si halali. Basi na hesabu pia huijui." Akachukua kifutio, akafuta jibu langu ubaoni, akamwita moneta alifanye lile lile swali. Moneta akapata kumi na tano, kama mimi nilivyopata kumi na tano, na kumi na tano yake ikawa sahihi. Kisha akaja na rula, akampiga jirani yangu, akanipiga na mimi, maana sasa nilikuwa miongoni mwa waliokosa.

Nimeishi na tukio hilo miaka yote na bado silielewi sehemu moja. Lile jibu lilikuwa pale ubaoni, limeandikwa, kila mtu ameliona. Wanafunzi wote wale, na hakuna aliyesema, "Maalim, lakini amepata." Hata mimi sikusema. Tulikubaliana wote, kwa kunyamaza, kwamba ukweli unaweza kufutwa kwa kifutio na ukaandikwa upya na mtu mwingine.

Njiani kurudi nyumbani nilitegemea shukrani. Jirani yangu alikuwa amefunga mkono kwa ncha ya mtandio.

"Umenifaidisha nini?" akaniuliza. "Weye ungenipiga pole. Yule kanipiga kwa moyo wake wote."

"Sikuweza."

"Hukuweza, ndiyo. Umejisikia vizuri?"

Hapana, sikujisikia vizuri. Ila nilikuwa nimegundua jambo: siku ile, kwa mara ya kwanza, nilishika rula nisimpige mtu. Kupigwa kuliuma kwa muda, kisha kukaisha. Kupiga hakukuwa kukiisha.

Kuanzia hapo nikaanza kukosea. Nilifanya kwa akili. Nilivusha namba bila kubadilisha alama, kosa la kawaida kuliko yote, ambalo hakuna mwalimu anayelishuku. Lile swali la kwanza, ambalo jibu lake ni kumi na mbili, kwa kosa hilo linakupa hasi mbili, na hasi mbili inaonekana ya heshima kabisa. Nilipigwa, nikakaa. Majaribio ya kila mwezi nayo nilikosea, kwa sababu maalim alisoma alama kwa sauti na wa juu walitoa zaka kwa wa chini. Hakukuwa na mahali pa siri pa kupatia. Ila mahali pamoja tu, napo ni kwenye mtihani wa taifa. Ule haukusahihishwa na maalim, na hakuna ambaye angepigwa kwa sababu yangu. Mpango wangu ulikuwa huo: nikosee mwaka mzima, nipatie siku moja, niende sayansi.

Niliuona mpango mzuri sana. Ulikuwa na kasoro ambayo sikuijua, kwamba kichwa hakina mlango wa mbele na wa nyuma. Ukikizoesha uongo, hakiulizi unautaka kwa ajili ya nani.

Ilianza na tumbo. Asubuhi za siku zenye kipindi cha hesabu tumbo lilinikata. Halafu mikono ikawa inatoka jasho mpaka karatasi inalowa. Halafu siku moja, nyumbani, peke yangu, nimekaa nijifunze kwa haki, hakuna maalim wala rula, nikaivusha namba na nikasahau kubadilisha alama. Sikukusudia. Nikaifuta, nikaifanya tena, ikatoka hasi tena. Nikabaki naitazama ile alama kama mtu anayemwona mwizi amevaa nguo zake. Asubuhi iliyofuata nilitapika chai kabla ya kutoka.

Mama ni mtu wa kuangalia mambo, na alikuwa na ushahidi zaidi kuliko yule mhadhiri wa semina.

"Tumbo lako linachagua siku," aliniambia. "Jumanne huumwi. Alkhamisi unaumwa. Alkhamisi kuna nini?"

"Hesabu."

Akakaa kitandani pangu. "Nlijua. Umeliwa kwa macho, mwanangu. Ulipopewa zawadi ya hesabu darasa la sita, mbele za watu, mie moyo wangu ulishtuka. Watu wale wote, kila mmoja na mwanawe, na weye peke yako umesimama unang'ara."

"Mama, si hasadi. Hesabu nnaijua. Nnaogopa kuijua."

"Subhanallah." Akanishika paji la uso. "Unasikia maneno unayosema? Mtu na akili zake anaogopa kujua? Hilo si lako, hilo limetiwa."

Nikamweleza habari za rula, yote, kuanzia zaka mpaka viganja vya mwenzangu. Alinisikiliza. Mwisho akauliza, "Rula tu?"

"Rula tu."

"Sie tulichapwa kwa fimbo za mkwaju mpaka tukahitimu Kurani. Rula haimtapishi mtu."

Nilikuwa na hoja ya kumjibu, nilikuwa na hoja kwa kila jambo, lakini alikuwa ameshasimama anatafuta buibui lake. Alikwenda kwa mzee mmoja anayesomesha chuo cha Kurani, mtu mpole ambaye hakuwa akidai chochote kwa kazi hiyo, na akarudi na ahadi ya kombe. Siku chache kabla ya mtihani mzee akaja nyumbani. Aliandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, kwa kalamu ya mwanzi, mwandiko mzuri ambao sijauona tena. Ulipokauka, akaumiminia maji na marashi, aya zikayeyuka, maji yakawa ya manjano.

"Mwanangu," akaniambia, "kunywa kwa nia. Dawa ni nia. Haya mengine ni maji tu."

"Na nikiwa na shaka, sheikhe?"

Mama akanikata jicho. Mzee akatabasamu. "Basi kunywa na shaka yako, huenda nayo ikapona."

Nikanywa. Ladha ilikuwa ya waridi na kitu kama chuma. Sitaki kulicheka kombe, ijapokuwa siliamini. Mama alikaa karibu yangu mpaka nimemaliza tone la mwisho, na katika mwaka mzima ule yeye na mzee yule ndio watu wazima pekee waliouona ugonjwa. Waliukosea jina tu. Skuli hawakuuona hata huo ugonjwa wenyewe.

Siku ya mtihani wa hesabu tulitengwa, kila mtu deski lake, msimamizi mgeni kutoka skuli nyingine, mwanamke mwenye miwani aliyekuwa akitembea bila kutoa sauti. Nilifanya kila nililojiambia nifanye. Nilipumua. Nilisoma swali la kwanza, na lilikuwa jepesi, na niliona jibu kabla sijashika kalamu. Kisha nikaliandika, nikaliangalia, na swali jingine likaja ambalo halikuwa kwenye karatasi: hili ni jibu la kweli, au ni lile la uongo nililojizoesha?

Sikujua.

Nikalifanya upya. Alama ikabadilika. Nikalifanya tena, ikarudi. Nilikuwa nimejifundisha kukosea kwa ustadi mpaka kosa langu na ukweli wangu vimekuwa na mwandiko mmoja. Na kila nilipoamua kwamba hili ndilo sahihi, hiki ndicho ninachokiacha, kiganja cha mwenzangu kilikuja mbele ya macho yangu, kimepasuka kwenye mikunjo, kimenyooshwa. Nilijua kabisa kwamba hakuna atakayepigwa. Kujua hakukusaidia. Ndipo nilipomwelewa, yeye aliyeniambia kwamba akiiangalia hesabu anauona mkono wake. Mimi pia niliuona mkono wake.

Nilikata, nikaandika, nikakata. Msimamizi alisimama nyuma yangu kwa muda, akanong'ona, "Binti, usiikate yote, utabaki na nini?" Kengele ilipolia, karatasi yangu ilikuwa nyeusi.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata tulipangwa mistari uwanjani, na mwalimu wa taaluma akasoma majina ya kidato cha tatu. Sayansi kwanza. Moneta alitajwa miongoni mwa wa mwanzo. Wavulana wawili waliokuwa wakiniomba niwafanyie kazi za nyumbani kidato cha kwanza walitajwa. Mimi nilisomwa kwenye sanaa, na jirani yangu pia, mbele yangu kidogo. Alinigeukia, akanitazama kwa mshangao wa kweli. Alikuwa ameshajua kwamba yeye ataangukia huku. Hakutegemea kuniona mimi.

Sikwenda darasani. Nilikwenda ofisi ya walimu, nikasimama mlangoni mpaka maalim akatoka, ana chapati mkononi imefungwa kwenye gazeti.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba. Nimelisikia jina lako. Pole sana, ndo kudra."

"Maalim, mie nilikuwa nnajua."

Alinitazama bila ubaya wowote. "Mwanangu, kila aliyefeli alikuwa anajua. Nikisimama hapa mpaka adhuhuri watapita wote, mmoja mmoja, waniambie walikuwa wanajua."

"Nipe swali."

"Sasa?"

"Sasa hivi."

Akacheka kidogo, akawatazama wenzake ndani kama anayeomba ruhusa ya kupoteza wakati. Akachana pembe ya lile gazeti, akaandika kwa kalamu nyekundu: 5x − 9 = 2x + 12. Nikaiweka karatasi ukutani, nikaifanya nimesimama. Nilikuwa na hasira, na hasira, kumbe, haina haja ya kuuliza kama jibu ni la kweli. x ikawa saba. Akaandika lingine, gumu zaidi, lenye x na y. Nikalifanya. Akachukua kile kipande cha gazeti, akakiangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mafuta ya chapati yanakula wino.

"Mashaallah," akasema taratibu. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa na masikitiko ambayo sina sababu ya kusema yalikuwa ya uongo, "Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema. Siku niliyokataa kumpiga mwenzangu. Ukaniambia basi na hesabu pia huijui, ukafuta jibu langu."

Akakunja uso, akitafuta. Nilimwona anatafuta, kwa uaminifu, katika siku zote za mwaka ule, madarasa yake yote, rula zote.

"Siku gani hiyo?" akauliza.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa mambo mengi. Kwamba atakataa, kwamba atanifukuza, kwamba atajitetea kwa hadithi ya zaka. Sikuwa nimejitayarisha kwamba hakumbuki. Siku iliyogeuza maisha yangu ilikuwa kwake kipindi cha hesabu kabla ya mapumziko.

"Siku moja tu, maalim," nikamwambia.

"Ungekuja kwangu mapema." Akanirudishia kile kipande cha gazeti, kama zawadi. "Majina yameshapelekwa, hayarudi. Lakini usivunjike moyo. Watu wa sanaa nao wanasoma hesabu."

Nilipomwambia mama, alilia kidogo, kisha akafuta uso na kusema kwamba kombe la mzee halikosei, labda sikunuia. Kwa hiyo na mtihani huo nao nilikuwa nimeufeli. Sikubishana naye. Nilimwambia labda.

Maalim alisema kweli, watu wa sanaa nao walisoma hesabu, kwenye ratiba. Mwalimu tuliyepangiwa alikuwa na madarasa ya sayansi ya kutosha, na kwetu alifika akikumbuka. Vipindi vile vilikuwa vya kelele, vya kusukana na kusimulia mambo ya harusi. Hakuna aliyepigwa. Kulikuwa na amani ambayo ningeitoa roho yangu kuipata mwaka mmoja kabla.

Katika wiki ya kwanza, kwenye kipindi kama hicho, jirani yangu alinisogezea daftari lake. Tulikuwa bado deski moja. Alikuwa amenakili swali kutoka kitabu cha kaka yake, amelifanya nusu, amekwama.

"Hebu nifundishe hii," akasema. "Saa hizi hakuna wa kunipiga, labda itaingia."

Nililitazama. Alikuwa amefanya vizuri mpaka mstari wa tatu, pale tu ameacha alama bila kuigeuza. Niliona jibu lote, mpaka chini.

"Sijui," nikasema.

"Mwongo mkubwa weye."

"Sijui."

Alinitazama usoni, akisubiri nicheke. Sikucheka. Akavuta daftari lake, akainama juu yake, akaanza kulifanya upya mwenyewe kuanzia mstari wa kwanza.